Mzee wa Kanisa Alivyopanda Jukwaani Buffalo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2014, niliingia baa moja ya South End, Louisville, Marekani, nimevaa suti ya kwaya. Kiongozi wa bendi alinitazama akacheka. "Umekuja harusini?"

Ninyi vijana mnaojifunza gita kwenye simu, sikilizeni. Muziki wa kantri tuliupiga kwa vidole vya kiongozi: akiinua vinne, wote mnahamia sauti ya nne ya ngazi, akikunja ngumi, kimya. Siku za wiki nilipakia maboksi ghalani, wikendi naimba na kupiga gita. Nyimbo nilitunga mwenyewe, kwa Kiswahili cha kambi ya wakimbizi Kigoma: mama tuliyemzika huko, mvua juu ya hema. Nyuma yangu gita la kulazwa, linalotelezeshewa kipande cha chuma, lilikuwa likilia. Nilipenda kazi ile mno.

Huko Columbus, bendi ilipoalikwa, meneja wa ukumbi aliniambia, "Imba Kiingereza, ama ushuke." Nilishuka.

Lakini hofu yangu haikuwa mameneja. Kanisani kwetu anayeimba baa hutengwa: kwaya basi, anakaa benchi la nyuma. Na mimi, Mrundi niliyekuja peke yangu, ndugu zangu walikuwa kwaya ile tu. Tetesi zilipofika, baraza likamtuma mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa akienda Buffalo kwa binti yake, mtaa wa Grant, wikendi ileile bendi yetu ingepiga huko, akanishuhudie kwa macho.

Nilimwona nikiwa jukwaani, ameketi karibu na mlango na soda yake. Nikaimba wimbo wa mama.

"Anasema nini huyu?" mlevi akapaza sauti. Wengine wakaguna. Mwenye ukumbi akanionyesha mlango.

Mzee akasimama. Kila Jumapili yeye ndiye mkalimani wa mchungaji, na havumilii Kiswahili kipite bila tafsiri. Akapanda, akasimama ubavuni mwangu, akashika maikrofoni ya pili.

"Endelea, ndugu. Polepole."

Nikaimba mstari, akautafsiri kwa Kiingereza. Nikiinua mkono, naye anainua. Tulipofika mstari wa kaburi la mama, alilia kweli. Akafunga kwa "Amina," na baa nzima, bia mkononi, ikaitikia.

Barazani Louisville wakamuuliza alinikuta nikifanya nini.

"Alikuwa akitoa ushuhuda," akajibu. "Mimi ndiye niliyemtafsiria."

Nilishusha pumzi mpaka shati likalegea.

Leo vidole vimekataa nyuzi, nimestaafu. Kwaya bado naimba, safu ya pili, na nalala vizuri. Ila nikikutana na mzee huko Shively, pembezoni mwa Louisville, hunivuta pembeni, akaangalia kwanza kama mchungaji yuko karibu.

"Ndugu," ananong'ona, "Buffalo hawajatuita tena?"