Kadi Iliyokwama Kwenye Laini

Siku mama mwenye nyumba wangu alipodungwa sindano iliyokaribia kumuua, mimi nilikuwa mjini, nimekaa mbele ya kompyuta, nikijiambia kwamba mambo yanaenda polepole lakini yanaenda.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilifanya kazi katika shirika la misaada lililokuwa na zahanati mbili, moja Makina huku Kibera, nyingine Kawangware. Wafadhili walituletea kompyuta. Ile kubwa iliwekwa ofisini mjini, na kila zahanati ikapewa ndogo moja, zote zikiwa zimeunganishwa kwa laini moja ya simu. Mgonjwa akifika, karani alichapa nambari yake, na kadi yake ikaletwa kwenye skrini kutoka mjini. Programu ya kuleta kadi hizo niliiandika mimi. Tulipoijaribu kwa wagonjwa wachache, kadi zilifika upesi, watu wakapiga makofi. Nikalewa sifa. Nikamwambia mkubwa wangu kwamba kadi za karatasi hazina kazi tena. Zikatiwa kwenye magunia zikapelekwa stoo.

Wagonjwa walipozidi kuandikishwa, laini ikaelemewa. Makina wakiita kadi, Kawangware wanangoja. Karani akichoka kungoja alibonyeza tena, na kila alipobonyeza, kadi ileile iliitwa upya. Foleni za watu zikatoka nje ya mlango.

Mama mwenye nyumba alikuwa Mnubi, mzaliwa wa Makina, mjane mwenye safu ya vyumba vya kupangisha kule Kambi Muru. Nilikaa chumba cha mwisho. Mimi mtu wa magharibi mwa Kenya, Mkristo, yeye Mwislamu, lakini aliniletea chakula kila Idi kama aliyenizaa. Wiki hiyo alikuwa amekanyaga bati lenye kutu, mguu ukavimba hadi gotini, na homa ikampanda. Akajikokota mpaka zahanati.

Muuguzi alinisimulia baadaye. Mama alimwambia, "Mwanangu, kuna sindano moja inanikataa. Iliniangusha zamani. Iko kwa kadi yangu."

"Ni sindano gani, mama?"

"Ile nyeupe."

"Nyeupe ni nyingi, mama."

Karani akachapa nambari. Skrini ikachora mistari ya fomu, ikaandika jina la zahanati, ikaandika jina la mama, halafu ikatulia. Wakangoja. Mtoto mmoja kwenye foleni alikuwa akitapika. Mama alikuwa akitetemeka na macho yamemgeuka. Muuguzi akangoja tena, kisha akafanya kile ambacho yeyote angefanya akiona mgonjwa anazidiwa mbele yake. Akamdunga penisilini.

Uso ukamvimba, pumzi ikaziba, akaanguka. Muuguzi alimrudishia pumzi kwa dawa nyingine, na pikapu ya muuza makaa ikamkimbiza hospitali. Walipokuwa wakimpandisha kwenye gari, karani aliona skrini ikiendelea. Mstari wa mwisho wa kadi ukajitokeza: HAWEZI PENISILINI.

Niliambiwa na binti yake jioni, nilipofika nyumbani. Nilienda hospitali nikamkuta amelala na mpira puani, midomo imepasuka. Aliponiona alijaribu kutabasamu. Sikuthubutu kumwambia kwamba programu ile ni yangu. Nilitoka nje.

Kesho yake nilimwomba mkubwa wangu turudishe kadi za karatasi. Alinipa ufunguo wa stoo. Paa lilikuwa limevuja. Magunia yalikuwa yameloa mpaka chini, na kadi zimegandamana kama ugali uliolala. Nilijaribu kubandua moja, ikabaki na wino wa mwenzake. Nilikaa juu ya gunia nikalia kama mtoto.

"Shida ni laini," mkubwa wangu alisema niliporudi. "Sisi hatuwezi kuitengeneza laini ya simu. Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi. Wakikuta mambo hivi, watachukua mashine zao, na sisi hatuna kompyuta wala kadi."

Nilikuwa na wiki tatu. Wazo la kwanza lilikuwa kunakili kadi zote kila asubuhi na kuziweka kwenye kompyuta za zahanati, ili mchana wasiite mjini. Niliandika kwa siku nne nikiishi kwa chai na mandazi. Asubuhi ya kuijaribu, kadi zilianza kuteremka saa moja. Saa tano zilikuwa bado zinateremka, na laini imejaa kabisa, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyehudumiwa. Karani wa Makina alinipigia simu. "Ulitaka kutusaidia ama kutuua?" Nikaizima. Siku hiyo niliandika barua ya kuacha kazi nikaiweka mfukoni.

Sijui kwa nini nilikwenda Kawangware kabla ya kuitoa. Nadhani sikutaka kuonana na mkubwa wangu. Nilitembea kutoka Kambi Muru, nikapita soko la Toi katikati ya marundo ya mitumba, nikafuata Ngong Road hadi kona nikakunja. Karani wa Kawangware alikuwa mama wa makamo, mpole, aliyekuwa mwalimu wa nasari kabla ya hapo. Nilivuta kiti nikakaa nyuma yake, nikaangalia akifanya kazi na saa yangu ya mkononi mbele yangu.

Baada ya mgonjwa wa sita aligeuka. "Nikuambie kitu bila kukuudhi?"

"Niambie tu, mama."

"Hii mashine yako iko na maneno mingi. Kila nikiita kadi, kwanza inaniandikia jina la zahanati. Mimi si najua niko zahanati gani? Halafu inachora mistari, inaandika 'jina la mgonjwa', 'jina la mzazi', 'kijiji'. Hiyo yote nimeshaiona tangu asubuhi. Mimi nataka tu kujua huyu mtoto ni nani na asipewe nini."

Miezi yote tulikuwa tukiilaumu laini, kumbe laini ilikuwa inabeba takataka yangu. Fomu tupu, ileile isiyobadilika, nilikuwa nikiituma kutoka mjini kwa kila mgonjwa. Nilichukua karatasi tukahesabu herufi pamoja, yeye akisoma, mimi nikiandika. Sehemu kubwa ya kila kadi haikuwa habari za mgonjwa hata kidogo.

Barua ya kuacha kazi niliitumia kuchorea mpango mpya, upande wa nyuma. Fomu ikae kwenye diski ya zahanati. Kutoka mjini yaje majibu tu. Jibu la kwanza kabisa liwe lile la hatari, kabla hata ya jina. Na kadi ambayo zahanati ilishaiona isitumwe upya: kompyuta ndogo iulize tu kama kuna kilichobadilika, na kama hakuna, ijibiwe kwa herufi moja. Na karani akibonyeza mara kumi, liende ombi moja.

Tuliijaribu Kawangware siku tatu kabla ya wafadhili kufika. Yule mama alichapa nambari, na kabla hajainua kidole vizuri kadi ilikuwa imekaa mbele yake. Aliniangalia, akachapa nyingine, halafu nyingine. "Haya," alisema, "sasa imejua kunyamaza." Makina pia ilifunguka, maana laini ilikuwa ileile moja.

Wafadhili walikuja, wakapeana mikono, wakaondoka. Mkubwa wangu alinisifu mbele yao. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama mwenye nyumba alikuwa amesharudi, akitembea kwa fimbo. Nilimkuta barazani nikamwambia yote: programu ni yangu, na aliyesema kadi zitiwe magunia ni mimi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ni wewe uliyesema kadi yangu itolewe."

"Ni mimi, mama."

Aliegemeza fimbo yake ukutani. "Niandikie jina la hiyo sindano. Kubwa kubwa."

Nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi. Akampelekea fundi wa ngozi wa pale Makina, akamshonea ndani ya ngozi kama hirizi, akaivaa mkononi juu ya kiwiko. Nilimweleza kwamba sasa kadi yake inafika mara moja, na neno la hatari linatangulia. Nikamwomba twende zahanati pamoja ajionee kwa macho yake.

"Nimeamini," alisema, akashusha mkono wa nguo yake juu ya ile ngozi. Hakwenda.