Saruji ya Meno na Maji ya Chumvi

Miaka ile nilipokuwa tabibu wa meno Kasulu, wagonjwa wengi walikuja na ombi moja tu: "Ling'oe, daktari." Wengine walilitoa kabla hata hawajakaa kwenye kiti. Mimi si mtu wa subira, na zilikuwepo siku nilizong'oa tangu asubuhi mpaka mkono ukafa ganzi. Kwa hiyo alipokuja mwalimu wa darasa la pili kutoka Nyakitonto akaniambia, "Naomba uyaokoe," nilifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi.

Tundu lilikuwa katikati ya meno yake mawili ya mbele, ya juu. Alinieleza taratibu kwamba watoto wa darasa lake wanaongea Kiha nyumbani, na Kiswahili wanakipata kwake.

"Wakati wa kusoma hawaangalii ubao, daktari. Wananiangalia mdomo. Haya yakitoka nitawafundisha nini?"

Nikamwambia aondoe wasiwasi.

Nilimziba kwa saruji nyeupe ninayoipenda kuliko kitu chochote cha kazi yangu. Inakuja katika vichupa viwili: kimoja kina unga wa kioo kilichosagwa, kingine kina tindikali nzito inayovutika kama mlenda. Mlenda ule ni molekuli ndefu mithili ya nyuzi, na kila uzi umejaa vikundi vya asidi. Ukiukoroga na unga, vikundi hivyo vinabaki na chaji hasi, na kioo kinaachia ayoni za kalsiamu na alumini zenye chaji chanya. Kalsiamu ina mikono miwili, inashika nyuzi mbili kwa mpigo. Alumini ina mitatu, nayo huja polepole na kuendelea kukaza mpaka kesho yake. Basi kitu kilichokuwa kinatiririka kinakuwa kigumu, tena kinang'ang'ania jino lenyewe, maana jino nalo lina kalsiamu. Ukinywa chai ya moto, saruji hii inatanuka karibu sawa na jino, wakati plastiki tupu ingetanuka zaidi na mwishowe kuachia pembeni. Asubuhi za baridi inakawia kuganda. Mchana inaganda haraka hadi unakimbizana nayo.

Ina udhaifu mmoja. Mwanzoni haitaki maji. Maji yakiifikia mapema yanaziondoa ayoni kabla hazijashika nyuzi, na kinachobaki juu ni kitu kama chaki. Ndiyo maana tunaipaka vaselini, na mgonjwa anaambiwa asile wala asisukutue kwanza.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi, saruji ilikawia, na foleni ya nje ilikuwa imeanza kunung'unika. Sikungoja vya kutosha. Vaselini nikaisahau. Kisha, nikiwa nimeshageukia kadi ya mgonjwa anayefuata, nikamwambia maneno niliyozoea kuwaambia niliowang'oa meno: "Sukutua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, mara nyingi." Mdomo ulijisemea wenyewe.

Aliniamini. Pale pale nje ya geti aliomba maji ya moto kwa mama ntilie, akatia chumvi, akasukutua, akajaza na chupa ya kusukutulia njiani. Hayo alinisimulia mwenyewe miezi kadhaa baadaye, aliporudi mdomo wa juu umevimba. Saruji ilikuwa imemong'onyoka yote. Mvua, barabara na mitihani ya watoto vilimzuia kuja mapema, na kila kipande kilipodondoka alidhani hajasukutua vya kutosha, kwa hiyo akaongeza. Uozo ulikuwa umeshafika kwenye mizizi, na meno yote mawili yalikuwa yanacheza.

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba nilimpa maelekezo ya mtu mwingine, na kwamba kosa ni langu.

"Kumbe si mimi," akasema. "Nilikuwa najilaumu."

Nikayang'oa. Ya bandia alisema atayatafuta akipata nafasi ya kusafiri. Niliona aibu siku ile, na hata sasa ninapoandika naiona.

Mwaka uliofuata tulizunguka shule kwa shule kukagua meno ya watoto, na zamu ya Nyakitonto ikafika. Mwalimu alinipokea vizuri, bila kinyongo, akiwa bado na pengo lake: "Karibu thana, daktari." Aliwasimamisha watoto wa darasa la pili ili nisikie wanavyojua kuhesabu. Wakahesabu kwa sauti moja, wamechangamka: "Nne, tano, thita, thaba, nane..."

Nilijiambia ni vibogoyo wa umri ule, meno ya utoto yametoka na ya ukubwani hayajaota. Nikaanza kazi iliyonipeleka. Nilipita dawati kwa dawati, nikawafunua midomo mmoja mmoja kwa kijiti na kumulika kwa tochi. Karibu wote meno ya mbele walikuwa nayo, mapya na meupe.