Rekodi Yangu ya Kituo cha Pili

Historia ya besiboli katika jiji hili inaweza kuandikwa nyuma ya risiti, na nafasi ya muhuri ikabaki. Mimi nimo humo. Ndimi mlinzi wa kituo cha pili niliyecheza muda mrefu kuliko wote bila kuangusha mpira. Tena tulikuwa wachezaji wa kulipwa kabisa: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na soda moja ambayo mwenye duka alianza kuidai chupa yake kabla hujaifikisha nusu.

Kipaji changu kiligunduliwa Kariakoo, kwenye ngazi. Niliacha shule kidato cha pili, mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo zangu wawili wa kike na sifa moja ya kuajiriwa: nilikuwa na mikono. Tajiri mmoja aliyeuza chupa za chai alikuwa na stoo ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake iliishia kwenye ramani. Wa juu alirusha katoni, mimi nikadaka kwenye kona ya ngazi, nikageuka, nikamrushia wa chini aliyepanga kwenye mkokoteni. Kudaka na kugeuka, asubuhi hadi adhuhuri. Katoni ikianguka husikii kishindo. Unasikia kama mtu anatikisa kabati la vyombo vya harusi.

Sheria yetu ilikuwa moja. Aliyeangusha alinyoosha mkono palepale, kabla tajiri hajatoka na kutufukuza wote watatu ili kuokoa muda. Hakuna maelezo wala kujitetea.

Siku moja mwalimu wa michezo alikuja kununua chupa za zawadi za mahafali, akasimama kututazama mpaka akasahau chupa zenyewe.

"Kijana, umewahi kucheza besiboli?"

"Shikamoo, mwalimu. Ndiyo nini hiyo?"

"Marahaba. Ndiyo hii unayocheza hapa, ila mpira haupasuki."

Nikajiunga na timu yake, na hakunidanganya. Mpigaji anaupiga mpira kwa rungu na kukimbilia kituo cha kwanza. Mlinzi wa kituo cha pili anaudaka, anageuka, anaurusha hukohuko kabla mwenye mbio hajafika. Pembeni anakaa mwalimu wa hesabu na daftari lake. Mpira ukikupita kwa ukali wake, anaandika sifa kwa mpigaji. Ukikupita kwa uzembe wako, anakuandikia kosa. Hakuna rufaa, kama mbinguni.

Kabla yangu, hakuna aliyemaliza hata mwezi bila kuandikiwa. Msimu wangu wa tatu, wiki zilipita na ukurasa wangu ukabaki mweupe kama shuka la hoteli. Hapo ikatokea shule iliyotaka mkufunzi wa mchezo huo, kwa mshahara wa kila mwezi. Mkuu wa shule alipenda vyeti, nami cheti changu cha mwisho kilikuwa cha ubatizo. Lakini yule mwalimu wa michezo alimbembeleza hadi akakubali: nikimaliza msimu bila kosa, kazi ni yangu.

Mshahara maana yake ilikuwa chumba. Tulikuwa tunalala kwenye ukumbi wa baba mdogo, Magomeni, mahali pazuri sana kama unapenda kurukwa na kila anayekwenda uani. Baba mdogo alikuwa mkarimu, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha.

Mechi ya mwisho, mpigaji wa mwisho. Tulikuwa tunaongoza. Mpira ukaja ukiburuza vumbi, nikauinamia, ukaingia kwenye glovu, ukatoka, ukaendelea na safari zake. Mpigaji akafika kituo cha kwanza. Mwalimu wa hesabu akainamisha kichwa kuandika. Mkono wangu ukapanda.

"Oya!" Mlinzi wa kituo cha kwanza alisema meno yakiwa yamebana. "Shusha mkono! Unamsalimia nani?"

Mwalimu alikuwa ameshaniona. "Huo mkono wa nini?"

"Niliushika, mwalimu. Nimeuachia mwenyewe."

"Nimeshaandika pigo safi. Mimi niliona umekupita."

"Mwanangu, mwalimu kaona umekupita," akasema wa kituo cha kwanza. "Wewe nani ubishane na mwalimu?"

Mkono ulipanda kwa mazoea. Kuhusu mdomo siwezi kusema hivyo, kwa sababu nilipata muda wa kufikiria chumba, dirisha lake, na kufuli.

"Ulikuwa kwenye glovu," nikasema.

Alifuta kwa ufutio, taratibu, akapuliza makombo, akaandika. Tulishinda mechi ile, kwa taarifa yenu. Kazi ilikwenda kwa kijana asiyejua vituo viko vingapi, lakini alikuwa na cheti cha kompyuta. Mkuu wa shule alisema mkufunzi lazima awe mfano kwa watoto.

Nyumbani, baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho akiwa barazani.

"Kwa hiyo umefukuzwa kazi kabla hujaajiriwa."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nimeishi mjini miaka yote hii, hilo sijaliona." Akaita jirani aje asikie.

Ukumbini nilimkuta mdogo wangu wa mwisho amekalia begi la nguo. Alikuwa ameshapanga za wote watatu, na sufuria juu. Dada yake alikuwa amemwambia asubiri kwanza, naye akasema kaka haangushi.

"Umeangusha kweli, au wamekuonea?"

"Nimeangusha."

"Nani aliona?"

"Mimi."

Alinitazama kama anavyotazama watu wanaonunua maji mvua ikinyesha. Kisha akafungua zipu, akatoa sufuria kwa sababu ilihitajika jikoni, akatoa sare zao za shule.

"Msimu mwingine unaanza lini?"

"Masika yakiisha."

"Basi hizi nyingine sizitoi," akasema, akafunga zipu, akalisukuma begi ukutani, mahali ambapo wapita njia wasingelikanyaga.