Mume wangu alifunga mziki mkubwa kwenye gari, alternator ikafa Nyololo siku ya kumzika baba yangu

Wakuu, salaam kwenu wote wa jukwaa la magari.

Mimi huwa nasoma tu, kuandika ni nadra. Leo nimeamua, na sijaongeza chumvi hata punje.

Nijitambulishe kidogo. Ni mwanamke, nafundisha fizikia sekondari, naishi Mbeya na mume na watoto wawili. Kwetu ni Kalenga, Iringa. Mume wangu nitamwita Baba Neema, ana duka la vifaa vya ujenzi. Hanywi, hanipigi, ada analipa. Nayasema haya mapema ili msinijazie comment za "achana naye dada".

Ugonjwa wake ni mmoja tu. Mziki wa gari.

Tuna wagon ndogo ya familia, automatic. Alianza na subwoofer moja nyuma. Ikaja amplifier. Ikaja subwoofer ya pili. Buti yote ikawa spika, tukitoka sokoni viazi tunapakata mapajani.

Halafu nikaanza kuona taa za mbele zinafifia kila besi ikipiga. Besi ikigonga, taa zinasinzia. Ikinyamaza, zinaamka.

Nikamwambia, "Baba Neema, hizo taa zinasema umeme hautoshi."

Akacheka. "Mwalimu, hapa si darasani. Gari inawaka, inatembea, shida iko wapi?"

Kwa wasiojua, nieleze kidogo. Alternator ndiyo inayozalisha umeme injini ikiwaka. Ya gari la familia imetengenezwa itoshe taa, wiper, feni, mfumo wa injini, redio ya kawaida, na kurudisha chaji kwenye betri. Ukiweka amplifier kubwa, inavuta zaidi ya kinachozalishwa, pengo linatolewa kwenye betri. Betri haijai tena. Alternator inafanya kazi kwa nguvu zote bila kupumzika, inachemka, mwisho inaungua ndani.

Fundi wake wa mziki alimwambia dawa ni kuongeza betri ya pili. Jamani! Betri haizalishi kitu. Hiyo ya pili nayo inataka kuchajiwa na alternator ileile iliyokwisha kuzidiwa. Nililisema hilo mezani tukila, na kwamba dawa ni alternator kubwa na nyaya nene. Akaniambia nipitishe mboga.

Sasa.

Baba yangu akafariki. Mdogo wangu wa kiume alinipigia nikiwa staff room nasahihisha madaftari. Maziko yakapangwa keshokutwa yake, mchana.

Nikasema kesho asubuhi napanda basi. Baba Neema akakataa. "Mimi ni mkwe. Siwezi kushuka na basi kwenye msiba wa baba mkwe wakati nina gari. Na wewe ukitangulia peke yako watasema nini? Tutaenda pamoja."

"Gari liko wapi?"

"Kwa fundi. Anamalizia amplifier ya pili."

Wakuu, baba yangu yuko mochwari, mimi nasubiri amplifier. Siku nzima. Nilipiga pasi kitenge kilekile mara nne, sijui kwa nini.

Tukatoka alfajiri ya siku ya maziko, watoto tukiwaacha kwa wifi yangu.

Hatujafika Chimala akaweka mziki. Nyimbo za kwaya. Besi inatikisa mpaka vioo vya pembeni. Nikamwomba azime.

"Si nyimbo za dini hizi? Nakuliwaza."

Akapunguza kidogo. Kidogo kweli.

Kabla ya Makambako taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashboard. Nikamwonyesha. Akasema ni sensor. Nikamwambia ile taa ina maana alternator haichaji, tusimame mjini tutafute fundi umeme. Akasema tutachelewa mazishi. Yeye ndiye aliyesema hivyo.

Tukapita Makambako, tukaingia kwenye ukungu na mvua. Mnaoijua barabara ile mnaelewa. Ikabidi taa ziwake, wiper ziwake, feni ya kukausha kioo iwake. Vyote hivyo vinakula betri, na hakuna kinachoijaza. Mziki ukakata wenyewe. Wiper zikaanza kujikokota. Kufika Nyololo gari likazima katikati ya barabara, tukalisukuma pembeni mvua ikitunyeshea.

Akampigia fundi wake wa Mbeya. Fundi akasema tuongeze maji ya betri.

Dereva mmoja wa lori akatusaidia kuligongesha kwa nyaya kutoka betri yake. Likawaka, likaenda mwendo mfupi tu, likafa tena. Na automatic huwezi kuisukuma ikawaka.

Coaster ya Iringa ikaja. Nikainua mkono, ikasimama, konda akafungua mlango. Baba Neema akanishika mkono.

"Mama Neema, ukiniacha hapa naingiaje kwenu peke yangu? Nipe dakika tano, napata betri ya kuazima."

Konda akauliza, "Mama, unapanda hupandi?" Mwanamke wa kwetu anamwachaje mume barabarani mbele za watu? Mlango ukafungwa.

Mdogo wangu akapiga. "Dada, mko wapi?"

"Nyololo."

Akasema, "Nitaongea na wazee wasubiri."

Betri ya kuazima ilikuja, tukatembea tena kidogo, ikaisha kama ya kwanza. Hapo sikuomba ruhusa. Nilisimamisha lori la mbao, nikapanda na kitenge changu kilicholowa. Baba Neema aliniita. Sikugeuka. Njia nzima nikawa nahesabu vijiji vilivyobaki.

Nilifika Kalenga wanaume wanaosha majembe.

Baba mdogo alikuja kunipokea njiani. "Kamwene, mwanangu," akanisalimu kwa kilugha chetu, akanishika mkono. Shangazi akanikumbatia, akaniambia sikioni, "Tulikuachia jeneza wazi. Padre alikuwa na maziko kijiji kingine na mvua inakuja. Tukafunga."

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Sikuuona uso wa baba yangu. Niliona udongo.

Baba Neema alifika asubuhi yake, amefungiwa alternator ya mtumba Mafinga. Kwenye kikao cha familia baba mdogo akamuuliza kwa upole, "Mkwe, gari lilikuwaje?"

"Mitambo, baba. Mitambo haina adabu."

Wote wakaitikia pole. Pole mkwe, pole sana. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nikameza. Msibani humvui mumeo nguo.

Mnadhani aliung'oa ule mziki? Hapana. Miezi michache baadaye aliagiza alternator kubwa kutoka Dar, akabadilisha nyaya, akafunga na mita ya volti. Yaani akafanya kile nilichomwambia tangu mwanzo. Jumamosi moja akaniita uani kwa furaha, mziki umefunguliwa mwisho.

"Mwalimu, njoo uone! Kumi na nne, haishuki!"

Nikachungulia. Kweli, haikushuka. Nikamwambia iko sawa, nikarudi ndani.

Funzo langu, wakuu: kama unataka mziki mkubwa, anza na alternator na nyaya, spika zije mwisho. Taa zikisinzia, amini. Taa ya betri ikiwaka safarini, zima mziki na tafuta fundi umeme, siyo fundi wa mziki. Na mwenzako akikwambia jambo, usimsikilize kama redio.

Wenye miziki karibuni mnisahihishe, sitakasirika. Ila kama kuna humu aliyekosa kumuaga mzazi wake kwa sababu ya upuuzi wa mtu anayelala naye kitanda kimoja, sihitaji ushauri. Naomba tu aniambie, inafika siku unaacha kuhesabu vijiji kutoka Nyololo mpaka nyumbani?