Fundi taa niliyegonga gari kwa nyuma: fog lights za LED na kifo cha shemeji yangu

Wakuu, habari za majukumu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Ni kweli tupu, nimebadili majina tu, kwa sababu wahusika tunaonana kila siku. Wa kucheka acheke, nimeshazoea.

Mimi ni fundi umeme wa magari, kibanda changu kiko Chikongola hapa Mtwara. Taa, starter, betri, hayo ndiyo maisha yangu. Kumbukeni hilo, maana ndilo nililosimangwa nalo.

Mke wangu, mama Shamila, alikuwa na mdogo wake anaitwa Salumu. Mama yao alifariki Salumu hajaanza hata kutembea. Mke wangu ndiye aliyembeba mgongoni, kwa hiyo alikuwa kama mtoto wake wa kwanza.

Msimu uliopita wa kupulizia mikorosho, Salumu akapata kibarua bandarini. Nikamfuata kijijini, njia ya Msimbati, nimlete mjini na pikipiki. Tukatoka asubuhi mapema.

Wa huku mnajua. Asubuhi upepo haujaamka, ndiyo muda wa mashine za kupulizia. Kila shamba linapuliza salfa, ule unga wa dawa unatanda barabarani mweupe, mbele huoni kitu. Macho yanawasha, kifua kinabana.

Nikapunguza mwendo. Salumu nyuma ananitania, "Shemeji, hata bata anatupita."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho.

Mbele palikuwa na pickup. Sikuona taa nyekundu hata moja, wallahi. Niliona bodi tu, nimeshaifikia. Nikakata kona, pikipiki ikalala, Salumu akapiga kichwa kwenye bampa ya chuma. Mimi nilivunjika mkono. Yeye hakufika hospitali.

Pickup ni ya mzee mmoja, nimwite Mzee Nandonde, anabeba mihogo kuleta sokoni. Wapulizaji waliokuwa mbele yake wakasema gari lilikuwa limewasha taa, walikuwa wanaliona linakuja. Askari wakawasha taa zake, mbele na nyuma zote zikawaka. Na huku barabarani mnajua wenyewe, aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa.

Msibani nikasikia kwa masikio yangu: "Fundi taa, taa hakuiona." Watu wana midomo jamani!

Mke wangu hakunitukana. Heri angenitukana. Chakula alikuwa anamtuma Shamila aniletee, yeye anabaki jikoni. Aliniuliza swali moja tu, "Ulikuwa unakimbilia wapi?" Nikamwambia sikukimbia. Akarudi jikoni.

Mkono ulipopona nikaenda kwa Mzee Nandonde. Akaja juu. "Umeua shemeji yako, sasa unataka kunibambikia mimi?"

Nikamwambia mzee wangu, sitaki kesi, nataka kuangalia taa tu. Akaniangalia sana, halafu akanipa ufunguo.

Nikawasha taa, nikazunguka nyuma. Nyekundu zote mbili, safi kabisa.

Nikasema basi, ni mimi. Salumu nimemuua mimi.

Narudi mbele nikazime, ndipo nikaona chini ya bampa kuna fog lights mbili za LED, taa za ukungu za kuongezea. Nikamuuliza, "Mzee, siku ile hizi ulikuwa umewasha?"

"Sasa na salfa ile ningeacha kuziwasha?"

Nikamwomba aziwashe, mimi nikarudi nyuma. Akabonyeza swichi yake, ile ile ya fog iliyokuja na gari kutoka kiwandani.

Mbele pakawa peupe. Nyuma zikazima, zote mbili.

Nikamwambia azime. Zikarudi. Awashe. Zikapotea.

Nikafungua chini ya dashibodi. Aliyefunga alikata waya wa taa za nyuma ili apate umeme wa fog, akaweka relay, kile kiswichi kinachoamshwa na umeme, ya miguu mitano. Waya unaoendelea nyuma akauchomeka mguu wa katikati. Ule mguu unatoa umeme relay ikiwa imelala tu. Ukibonyeza swichi relay inaamka, umeme unahamia kwenye fog, nyuma panakufa.

Taa za breki zina njia yake, zilikuwa nzima. Ila mzee alikuwa anajikokota bila kukanyaga breki. Askari hawakugusa ile swichi, na wapulizaji waliliona gari kwa mbele.

Na huyo aliyefunga, bila shaka alisimama mbele, akaona mwanga, akasema tayari. Mpaka leo nikimfikiria damu inachemka.

Mzee akakaa chini kwenye mchanga. "Nimetembea na kitu hiki msimu mzima," akasema. Angeweza kuniomba ninyamaze. Badala yake akasema twende kituoni tukaeleze upya, "lakini kwanza nipeleke kwa mkeo."

Mama Shamila alisimama nyuma ya pickup, mtandio kaushika mdomoni. Mzee akawasha, akazima, akawasha. Mke wangu akasema, "Nipisheni, nibonyeze mwenyewe."

Akapanda, akawa anabonyeza. Mimi niko nyuma namwitikia: zimezima, zimewaka, zimezima.

Akashuka. "Baba Shamila, nilikuchukia," akaniambia. "Sasa sina hata wa kumchukia."

Jioni ile alinipakulia ugali kwa mkono wake, akakaa mkekani na mimi. Salumu hajarudi.

Nilichojifunza: taa uliyoongeza huwezi kuikagua ukiwa umesimama mbele yake. Washa kila swichi, moja moja na zote pamoja, na mtu awe nyuma. Mimi sasa gari halitoki kibandani bila hivyo, mteja anune asinune.

Nakaribisha maoni, hata ya kunisema. Ila kama gari lako limefungwa taa za kuongeza, kabla hujaandika chochote hapa toka nje, ziwashe zote, uzunguke nyuma. Halafu rudi utuambie umeona nini.