Mfu Aliyeendesha Meli ya Babu

Mtu anayejiita Mfu aliniandikia: "Muulize babu yako kuhusu ule mlango aliofunga."

Nilikuwa kwenye gemu la meli za vita, watu wa dunia nzima mnalipuana mtandaoni. Mimi meli yangu moja tu, Ardenza, manowari nyepesi ya Italia. Babu yangu Nazario alikuwa fundi mashine kwenye Ardenza yenyewe, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia.

Na nimejisajili kwa jina kamili: Loris Bertolla. Ushamba wangu huo.

Huyo Mfu naye alikuwa na Ardenza.

"Mlango gani, we tapeli?" nikamjibu.

"Wa chumba cha mashine."

Hapa La Spezia, mji wetu wa bandari Italia, wazee wanalizwa na matapeli kila kukicha. Nikajua tu, huyu anamvizia babu.

Jumapili babu anakunywa mesciua, supu yake ya maharage na ngano, nikamchokoza. "Babu, hivi melini ulifunga mlango gani?"

Kijiko kikamdondoka.

"Nani kakwambia?"

"Jamaa wa mtandaoni."

"Muongo! Waliojua wote wamekufa!"

Ndipo akanisimulia, mara ya kwanza maishani mwake.

Topido lilipotoboa meli, maji yalivamia chumba cha mashine. Afisa akafoka: funga, tutazama wote! Babu akafunga. Akaamini rafiki yake Gualtiero, aliyekuwa naye zamu moja, kabaki ndani.

Meli ikapona. Babu hakupona.

Nikawaka. Nikamwandikia Mfu, "Unataka kumchuna mzee kwa siri yake? Jitokeze kwa video, kama we mwanaume."

"Mwite babu yako."

Nikamwita, tukawasha video. Akatokea mzee mkongwe aliyekauka, miwani mizito, anapiga kutoka Rosario, Argentina.

Babu akamkazia macho. "Kama kweli wewe ndiye Gualtiero, kazini uliniitaje?"

"Nyumbu. Ulikuwa unazipiga mashine mateke."

Babu akashika meza kwa mikono miwili.

"Gualtiero... nilikufungia."

"Hukunifungia. Sikuwemo."

"Umesemaje?"

"Nilitoroka zamu, nikapanda juu kuvuta sigara. Mlipuko ukanirusha baharini, Waingereza wakaniokota. Baadaye akaletwa kwenye kambi yetu ya mateka baharia wetu mmoja, akasema wewe ndiye uliyefunga, na mimi nimefanywa shujaa aliyekufa kazini. Ningerudi kusema nini? Kwamba nilikuwa navuta? Vita ilipoisha nikakimbilia huku. Juzi mjukuu wangu anacheza, nikaona Ardenza, nikaona na jina lenu."

Nikaogopa moyo wa babu utasimama.

"Mshenzi wewe!" akalipuka. "Zaidi ya miaka sabini nakulilia! Na sigara ulikuwa unaniibia mimi!"

"Zilikuwa zako," Gualtiero akakiri, machozi yanamtoka.

Babu akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akalia, na mimi nikatoka nje nikawaacha.

Wadau, mimi nilikuwa nawinda tapeli. Nikamkuta mtu aliyeona heri kuitwa marehemu kuliko kuitwa mtoro.

Aibu yako unaiona ndogo, unaificha, unaendelea na maisha. Kumbe huko ulikotoka kuna mtu anaibeba kama dhambi yake. Mpigie angali anasikia.