Shangazi Apanda kwenye Mitambo

Watu wa klabu walimwita Shangazi, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa na fundi. Kwa miaka mingi alikuwa mtunza mabegi. Mtu anaingia, anaacha begi lake dirishani, anapewa kibati chenye namba, anakwenda kucheza. Ukumbi wenyewe ulifichwa na ukuta, lakini muziki wote aliusikia, na dirisha lilimfunza jambo. Wimbo fulani ukipigwa, watu walimiminika kudai mabegi waende zao. Mwingine ukianza, hata aliyekwisha kuchukua begi alilirudisha: "Shangazi, nishikie tena kidogo."

Akaanza kujiuliza kwa nini. Alinunua kompyuta kuukuu, akajifundisha jikoni kukata nyimbo na kuziunga upya, hedifoni masikioni, chungu kikiungua. Mumewe, dereva wa lori, alilalamika mara moja tu: "Mke wangu, wali huu umekolea ngoma kuliko chumvi."

Bosi wa klabu alipoanzisha dansi la Jumapili mchana, madijei wote walilikwepa. Nani apige muziki juani, kwa watu wa kuhesabika? Shangazi akamfuata ofisini.

"Nipe mimi."

"Wewe? Kwa umri huo?"

"Bosi, wanaocheza watasikiliza muziki, hawatauliza nilizaliwa lini."

Bosi alicheka mpaka akakubali.

Jumapili za mwanzo alivipigia muziki viti vitupu. Kisha akaugusa wimbo mmoja wa zamani, ambao utangulizi wake mrefu ulikuwa ukiwafukuza watu. Utamu wake ulikuwa mwishoni, pale gitaa linapoachiwa. Shangazi akalileta gitaa mbele, akaliwekea ngoma nzito chini, na sauti ya mwimbaji hakuigusa. Siku alipoupiga, watu waliurekodi kwa simu, ukaenea mji mzima.

Jumapili iliyofuata akaja mwimbaji mwenyewe, mzee mwenye fimbo, uso umekunjamana.

"Wewe ndiye uliyemchinja mwanangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nijibu."

"Kaa hapa kando yangu uusikilize. Usipokupendeza, naufuta mbele ya macho yako."

Akaupiga. Ukumbi mzima ukainuka. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wimbo ulipotoka waliitikia kiitikio neno kwa neno. Mzee aliyafuatisha maneno kwa midomo mpaka ubeti wa pili ulipokaribia. Hapo akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kipaza sauti."

Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, lakini asali ilikuwamo bado. Shangazi akaipunguza ile ya rekodi taratibu, mpaka ikabaki ya mzee peke yake juu ya ngoma. Alipomaliza, watu hawakukubali ashuke.

Shangazi na mzee wakaurekodi wimbo upya pamoja, majina yao mawili yakiandikwa ubavu kwa ubavu, na redio zikaushika. Waimbaji wengine wa zamani wakaanza kubisha hodi jikoni kwake. Jumapili mchana ikajaa kuliko Jumamosi usiku, na wale madijei waliolikwepa jua wakawa wanaomba wapige kabla yake. Dirishani akaajiriwa mwingine. Shangazi akazunguka miji na nchi, lori la spika likiendeshwa na mumewe.

Mama yake Shangazi, kwa kuionea haya kazi ya mabegi, alikuwa amewaambia majirani kwamba binti yake ni mtu wa ofisini. Siku Shangazi alipopiga muziki kwenye uwanja wa mpira, mama huyo aliketi mstari wa mbele, akimshika bega kila aliyepita: "Unamwona yule pale juu? Nimemzaa mimi." Kisha akamwita mlinzi.

"Mwambie mwanangu aongeze sauti. Huku hatusikii vizuri."